Semina Nne za Kumponya Umba

Timothée hakuwa daktari. Naanza na hilo kwa sababu nusu ya mji wetu, Kamina, ilimwita Dokta, na yeye hakumrekebisha mtu hata mmoja. Alikuwa kijana wa Kinshasa mwenye viatu vyenye ncha, aliyesoma sosholojia miaka mitatu, na shirika lake likampa fulana iliyoandikwa "Psychologue", yaani mganga wa nafsi, mgongoni, kama wachezaji wa mpira wanavyopewa namba. Shirika lenyewe silitaji, nilitia sahihi karatasi. Lilikodi nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli, likapaka kuta rangi ya kijani na kubandika tangazo mlangoni: Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo ndiyo iliyokuwa na akili kuliko wote mle ndani, na Timothée hakuweza kuisoma, maana Kiswahili hakukijua. Kiluba ndiyo usiseme.

Hapo ndipo nilipoingia mimi, Amida binti Swedi. Sisi ni watu wa Maniema kwa asili, tunauza vitenge katika mji huu tangu enzi ya babu, na mwenye duka hujifunza lugha za wateja wote, apende asipende. Nikaajiriwa kukalimani: mgonjwa aseme Kiswahili au Kiluba, mimi nitoe Kifaransa, Timothée aandike. Nilikaa miezi minane. Niliona wagonjwa wengi na sikumwona hata mmoja aliyepona kwa sababu yake, ingawa ripoti zilisema vingine.

Ninayetaka kumsimulia ni Umba, mtu wa simu wa reli. Mwembamba, mtaratibu, kofia yake haikukosa kupigwa brashi hata siku moja. Njia ya reli ya kwenda Luena ni moja tu, magari mawili ya moshi hayapishani ila vituoni, kwa hiyo kila kituo kidogo kina mtu wa kumwambia mwenzake wa kituo cha mbele ni nini kilicho njiani. Na wana desturi moja ambayo haivunjwi. Ukimpa mwenzako ujumbe kwa simu, yeye anaurudia wote, neno kwa neno, na wewe unanyamaza unamsikiliza mpaka mwisho. Akirudia sawasawa, unasema "Exact", mnaweka simu. Pasipo "Exact" gari halitoki. Umba aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na mmoja.

Halafu ikatokea ajali. Gari la mizigo lililoendeshwa na Nyembo liligonga kigari cha mafundi waliokuwa wakitengeneza njia. Mafundi watano walikufa papo hapo, injini ikapinduka, Nyembo naye akafa. Daftari la Umba lilisema njia imefungwa mpaka saa kumi. Daftari la Kalunga, sasa marehemu, mtu wa simu wa kituo alikotoka Nyembo, lilisema vilevile saa kumi, na Kalunga akaapa kwamba alimkataza dereva asiondoke. Nyembo aliondoka saa tisa. Basi mji ukatoa hukumu yake bila kutaka shahidi mwingine: alikuwa amelewa.

Mjane wa Nyembo, Mira, ana meza sokoni ya unga wa muhogo na samaki wakavu wa Mulongo. Tangu siku hiyo wanawake walikuwa wakimpita wakaenda kununua meza ya tatu, samaki haohao, tena wadogo. Watoto wake shuleni waliitwa batoto ba mulevi, hadi yule wa kwanza akakataa kwenda. Niliyaona yote hayo, duka letu linatazamana na soko.

Umba hakulaumiwa na mtu. Lakini akaanza kuumwa ugonjwa ambao mji mzima uliucheka. Mke wake akimwambia "Leta maji", anasimama wima kama askari wa Base, ile kambi ya jeshi, anasema "Leta maji", anangoja. Asipojibiwa "Exact" haondoki. Muuza chumvi akimtajia bei, anairudia na kungoja. Vijana wa kituoni wakamfanya mchezo, wanamwambia maneno ya aibu ili ayarudie. Simu ikilia popote anatetemeka. Reli ikamtoa kwenye simu, ikamweka kwenye ghala la misumari. Mke wake ndiye aliyemleta kwetu, baada ya pasta mmoja kumfungisha siku saba na kumwongezea udhaifu tu.

Sasa nisikilizeni vizuri jinsi alivyotibiwa.

Timothée alikuwa ndiyo kwanza ametoka semina ya kwanza, Lubumbashi. Huko alifundishwa kwamba ugonjwa wa mtu mzima umezikwa utotoni, hasa kwa mama yake, na unajitokeza ndotoni. Mimi sibishani na wazee wa Ulaya waliogundua jambo hilo, huenda walikuwa na akili zao, walisikiliza watu miaka na miaka. Timothée alisikiliza siku nne, chakula cha mchana kikiwemo. Akamlaza Umba kwenye godoro, mzee mzima na soksi zake, akaketi nyuma ya kichwa chake.

"Muulize mama yake alimwachisha ziwa lini."

Nikamwuliza. Umba akatazama dari, na mimi nikatazama sakafu, maana ananizidi umri mara mbili.

"Mama alikufa pa kunizala," akasema. "Tantine, dada ya mama, njo alinilea, kule Kabongo."

Timothée akafurahi kama mtu aliyeokota almasi. Akataka ndoto. Umba akasema anaota simu ya ukutani inalia na mkono wake haunyanyuki. Basi! Timothée akaeleza kwa dakika ishirini kwamba ule waya wa simu ni kitovu, na anayepiga ni mama. Nikakalimani. Umba akaketi polepole juu ya godoro.

"Waya ya simu iko kitovu, na mwenye kupiga iko mama," akarudia, akaningojea.

Nikasema "Exact", Mungu anisamehe, ili maskini aweze kwenda nyumbani.

Godoro lilidumu miezi miwili. Halafu Timothée akaenda semina ya pili, akarudi amelitupa, amekuja na viti viwili vinavyotazamana na sura ya upole ambayo hakuondoka nayo. Sasa ilikuwa haramu kumuuliza mgonjwa chochote wala kumpa shauri. Kazi ya mganga ni kumsikia mtu kwa moyo mweupe na kumrudishia maneno yake mwenyewe. Kwa Timothée debe tupu lilikuwa limepata wimbo mpya, nikajiandaa kucheka.

Umba akaketi. "Leo minyi niko muchovu," akasema.

Timothée akainamisha kichwa. "Unaniambia kwamba leo umechoka." Nikakalimani.

Umba akanyanyuka kitini. Macho yalikuwa yamemfunguka, sijawahi kumwona hivyo. "Exact," akasema, akavaa kofia yake, akatoka nje, akaenda zake. Ujumbe umetolewa, umerudiwa, umethibitishwa. Kwa mtu wa reli hakuna lingine la kusema.

Timothée akaandika kwamba mgonjwa anapinga tiba. Kesho yake tena: "Tangu jana sikukula." Ikarudiwa. "Exact." Akaondoka. Nilicheka mpaka nikatoka ukumbini. Lakini siku ya nne au ya tano kicheko kikaniisha, kwa sababu ujumbe ulikuwa unarefuka. Siku moja alisema kwamba amegombana na mke wake na kwamba kosa lilikuwa lake. Siku nyingine akasema aliota jina la mtu, hakulitaja. Mke wake akaniambia sokoni kwamba sasa anakula. Nikaelewa anachofanya. Alikuwa anapima waya, kama wanavyofanya asubuhi kabla ya gari la kwanza, kuona kama upande wa pili kuna mtu anayesikia mpaka mwisho. Bila kujua, yule mjinga alikuwa ameigusa dawa.

Sikumwambia. Angeiandika.

Halafu, msiniulize kwa nini shirika lina pesa za semina na halina pesa za viti vizima, Timothée akaitwa tena. Akarudi Jumapili. Jumatatu asubuhi Umba akaja amevaa koti lake la kazi, limepigwa pasi, na alipoonyeshwa kiti alikataa kuketi. Akasimama mbele ya meza, mikono ubavuni.

"Ile siku, saa nane na nusu, minyi Umba nilipigia Kalunga simu," akasema. "Nilimuambia: njia inafungwa mpaka saa kumi, bantu beko ku njia. Kalunga akarudia: mpaka saa tisa. Nilimusikia. Lakini mama moja wa samaki alikuwa anapita ku dirisha, nilikuwa namuita asiende. Nikasema 'Exact'. Kalunga akaachilia Nyembo saa tisa. Kisha ajali, Kalunga akageuza saa mu daftari yake, aliniambia yeye mwenyewe mbele ya kufa. Nyembo hakukosa. Minyi njo nilikosa."

Akangojea kurudiwa.

Nilikalimani kila neno. Nikamtazama Timothée. Arudie tu, nikasema moyoni, arudie kama wiki ile nyingine, hata kwa ujinga wake. Timothée akafungua mkoba, akatoa karatasi yenye safu nne.

Semina ya tatu, kumbe, ilikuwa ya mawazo. Mtu haumizwi na mambo, anaumizwa na mawazo yake juu ya mambo, kwa hiyo wazo baya linakamatwa, linaandikwa, linatafutiwa ushahidi wa kulipinga. Si upumbavu. Nimeona mwanamke mmoja, askari wa Base, akisaidika nalo, alikuwa anaogopa kila gari la rangi nyeupe. Lakini panga la kufyekea majani halifai kunyolea mtoto. Timothée akaandika kwenye safu ya kwanza: Ni kosa langu. Kwenye safu ya pili akachora mstari.

"Mwambie hilo ni wazo," akasema, "si jambo lililotokea. Madaftari mawili yanasema nini? Saa kumi. Ushahidi uko wapi kwamba ni kosa lake? Hakuna. Anajitwisha msiba wa watu wengine."

"Kalunga aligeuza daftari," Umba akasema tena.

"Na rafiki yake mpendwa angekuwa na wazo kama hili, angemwambia nini?"

Umba alinigeukia mimi. "Mama Amida, anarudia saa ngapi?"

"Harudii tena, papa," nikamwambia. "Sasa kuko karatasi."

Akapewa kazi ya nyumbani: kila asubuhi aseme mara kumi, kwa sauti, "Sikukosa." Akaipokea karatasi kwa mikono miwili.

Hapa sitajificha. Nilikuwa nimejua. Ile karatasi niliyotia sahihi ilisema maneno ya mgonjwa hayatoki chumbani, na mimi nikaishika karatasi hiyo kama Msahafu, kwa kuwa ilinifaa. Kila jioni nilikwenda meza ya Mira, nikanunua samaki ambao nyumbani kwetu hakuna aliyewataka. "Jambo, Mama Mira." "Jambo, Amida, leo tena?" Nikamlipa bila kudai chenji, nikajiona mwema. Timothée nilimdharau, na bado namdharau, lakini yeye angalau hakuelewa alichoambiwa. Mimi nilielewa kila neno kwa lugha tatu.

Umba alifanya kazi yake ya nyumbani. Alikuwa mtu wa kutii amri. Baada ya wiki sita hakurudia tena maneno ya watu, vijana wa kituoni wakakosa mchezo. Timothée akampiga picha akiwa ameshika karatasi yake, akaandika kwamba amepona. Nilipopita kwao, mke wake alinionyesha chupa ya lutuku chini ya kitanda. Miaka ishirini na mmoja kwenye reli hakuwahi kuonja pombe. Sasa alikuwa anasema "Sikukosa" asubuhi na kunywa mchana.

Semina ya nne ilikuwa ya kundi. Watu wenye jeraha moja wakae duara, wasikilizane, wapate nguvu. Timothée akawaita watu sita wa ile ajali: ndugu watatu wa mafundi waliokufa, mjane wa fundi mmoja, Mira, na Umba. Umba aliitwa awe mfano. Ndiyo, mfano wa aliyepona. Mira alipoingia wengine walisogeza viti vyao, na Timothée akadhani wanampa nafasi.

Akatangaza sheria: hapa halaumiwi mtu. Kisha akaniambia, "Mwambie Umba awaeleze wenzake jinsi alivyolishinda wazo lake."

Umba alikuwa ameketi ameinama. Alinuka pombe kidogo. Nikamtazama, na kwa mara ya kwanza katika miezi minane nikakalimani vibaya kwa makusudi.

"Papa Umba," nikasema, "huyu njo Mama Mira, muke wa Nyembo. Umuambie ile ulituambia."

Akamgeukia Mira. Akasimama, akafunga vifungo vya koti. Akayasema yote, saa nane na nusu, Kalunga, yule mama wa samaki, daftari. Hakulia. Sauti ilikuwa ileile ya simu, kavu, ya kupeleka neno mbali. Timothée hakushika kitu ila "Exact" na jina la Nyembo.

"Anasema nini?" akaniuliza. "Amida, anasema nini?"

"Hasemi na wewe," nikamjibu.

Masengo, ndugu wa fundi mmoja, alikuwa ameshavuka duara. Alimpiga Umba kofi ambalo lilimwangusha pamoja na kiti. Timothée akaanza kupiga kelele kwa Kifaransa kuhusu mahali pa usalama. Mjane wa fundi alikuwa amejifunika uso. Mira peke yake hakuwa amejitikisa.

"Muache, Masengo," akasema. "Hajamaliza."

Umba akainuka, mdomo unatoka damu.

"Nyembo alikunywa?" Mira akamwuliza.

"Sikumuona, mama, siwezi kukudanganya. Najua balimuambia aende, na alienda kwa saa yenye balimupa."

"Basi hakukosa."

"Hakukosa."

Mira akakaza kitenge chake kiunoni. Nilidhani atalia, nilitaka alie, ningelia naye na ningejisikia nafuu. "Kesho asubui utakuja ku soko," akamwambia. "Hapa tuko bantu kidogo sana."

Mimi nilifukuzwa siku hiyohiyo, kwa kuvunja mbinu. Umba aliandikwa kwamba ugonjwa umemrudia. Alikwenda mwenyewe kwa wakubwa wa reli akawaambia, nao wakamfuta kazi, jambo ambalo alilijua kabla hajafungua mlango.

Na asubuhi akaja sokoni. Tangu hapo kila siku ya soko anasimama kando ya meza ya Mira. Mtu akikaribia, hata awe mtoto aliyetumwa unga wa vikombe viwili, Umba anavua kofia na kumweleza: jina lake, saa, alichokisikia, alichokisema. Wengine wanamtukana. Mmoja alimtemea mate, akayapangusa, akamgeukia anayefuata. Wanawake wa meza ya tatu walikuja wote kusikiliza, wakasimama na vikapu vyao, na nilitazama nyuso zao kwa raha isiyo ya kiungwana. Wiki iliyofuata mtoto wa kwanza wa Mira alirudi shuleni. Umba hanywi. Lakini asinijie mtu na neno kupona. Timothée alinijia nalo. Alisimama dukani kwetu dakika nyingi anatazama ng'ambo, kisha akaniuliza mbinu ile inaitwaje, apate kuipeleka semina ijayo. Nikamuuzia kitenge kwa bei ya Wazungu.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na jua kali. Umba ana miaka hamsini na nane, na miguu yake ilikuwa imevimba. Nilivuka barabara na kigoda. Mwanamke mmoja mwenye huruma zake, aliyekuwa akinunua samaki, akanitangulia.

"Mama Mira," akasema, "yatosha sasa. Umusamehe huyu papa. Kamina yote inasikia."

Mira alikuwa anafunga samaki kwenye gazeti. Akamaliza kufunga, akampa.

"Bwana yangu balimuita mulevi myaka mbili," akasema. "Huyu iko na mwezi moja tu."

Nikarudi na kigoda changu. Mteja mwingine alikuwa amefika mezani, na Umba akavua kofia.